Anza na Tundu: Mhadhara juu ya Kinga za Panga za Kijapani na Thamani Yake Mnadani



Upanga wa Kijapani una kipande kimoja kinachoenea kiganjani: bamba la madini lenye upana wa sentimita 7 au 8, aghalabu la mviringo, lenye tundu katikati. Hukaa baina ya mpini na makali. Wajapani hukiita tsuba, nami nitatumia jina hilo hilo. Kazi yake ya asili ni kuzuia mkono usiteleze ukafika kwenye makali, na kuusawazisha uzito wa upanga. Si kila taifa lililoona haja ya kitu hicho. Panga ndefu nyoofu za Oman, zilizobebwa na watu wenye hadhi Maskati na Unguja, hazina kinga. Mkono hutegemea mpini peke yake. Wajapani waliliweka bamba, kisha kwa karne kadhaa wakalifanya uwanja wa kazi za mikono ambazo mimi binafsi naziweka mbele ya vito vingi vya kifalme.

Leo vitu hivi vinauzwa kila siku mtandaoni. Vinatokea kwenye skrini ya simu vikiwa na picha tano, maelezo ya mistari mitatu, na saa inayohesabu muda uliobaki. Hoja yangu jioni hii ni moja. Thamani ya tsuba husomwa kwenye bamba lenyewe, na mahali pa kuanza kusoma ni tundu la katikati, sehemu ambayo fundi hakuipamba na ambayo wauzaji wengi hawaoni sababu ya kuipiga picha vizuri. Bei ni habari nyingine. Bei huamuliwa na watu wawili waliokuwa macho usiku fulani, kila mmoja akiwa na hamu yake. Anayechanganya mambo haya mawili atapoteza fedha, jambo ambalo linavumilika. Lisilovumilika ni kwamba soko likifuata majina na hadithi, kazi nzuri zisizo na jina hutupwa kwenye mafungu ya bei rahisi, husuguliwa kwa brashi ya waya ili zing'ae, na huharibika mbele ya macho yetu.

Tuone kwanza jinsi zilivyofika sokoni. Mwaka 1615 ngome ya Osaka ilianguka, ukoo wa Tokugawa ukabaki bila mpinzani, na Japani ikaingia katika amani iliyodumu karibu miaka 250. Samurai aliendelea kuvaa panga mbili kiunoni kila siku, ingawa wengi walizeeka bila kuzichomoa vitani. Makali yalikuwa ndani ya ala. Kilichoonekana na watu ni tsuba. Aliyeitwa kazini katika ngome ya shoguni mjini Edo alitakiwa kuvaa ala nyeusi na mapambo ya kiasi. Nje ya hapo kila mtu alivaa kwa kadiri ya uwezo na ladha yake, na wafanyabiashara matajiri, walioruhusiwa upanga mfupi, waliagiza kazi za dhahabu na fedha ambazo askari wa kale wangezishangaa.

Kisha ikaja tarehe 28 Machi 1876. Serikali mpya ya Meiji ilipiga marufuku kubeba upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na watu walio katika sherehe rasmi. Mwaka huo huo posho za urithi za samurai zilifutwa na kugeuzwa hati za mkopo wa serikali. Familia zilipoteza ruhusa ya kuvaa upanga na kipato cha kuutunza kwa pamoja. Tsuba zikafunguliwa kwenye panga na kuuzwa kwa wingi kwa wageni. Daktari wa Boston aliyeitwa William Sturgis Bigelow alifika Japani mwaka 1882, akakaa miaka saba, na sehemu ya aliyoyakusanya ndiyo imelifanya jumba la sanaa la Boston kuwa na hazina ya mapambo ya panga. Hamburg nako, Mjapani Shinkichi Hara, aliyefanya kazi katika makumbusho ya mji huo, alichapisha kwa Kijerumani mwaka 1902 kitabu cha majina ya mafundi. Ndiyo sababu tsuba unayoiona mnadani leo inaweza kuwa inauzwa na mtu wa Leeds, Lyon au Ohio, na ndiyo sababu nyingi hazina upanga, hazina mwenyewe anayejulikana, na hazina historia inayothibitika isipokuwa ile iliyoandikwa kwenye chuma.

Basi tuisome. Fikirieni tsuba ya chuma, mviringo, sentimita 7.8, unene milimita 5. Fundi amelikata bamba hadi yamebaki mabua ya nyasi yaliyopinda kwa upepo na mwezi nyuma yake. Ni uwanda wa Musashi, picha ambayo Wajapani waliipenda sana. Muuzaji anasema ni ya karne ya 17, haina sahihi, bei ya kuanzia dola 90. Jicho la mgeni huenda kwenye mwezi na nyasi. Ninyi nendeni katikati. Kuna eneo lenye umbo la yai ambalo halikuchongwa chochote. Hapo ndipo vilipokaa visahani vyembamba vya shaba vilivyolibana bamba kwa pande zote mbili. Ndani ya yai hilo kuna tundu refu la kupitishia shina la upanga, jembamba upande wa makali na pana upande wa mgongo. Kandokando mara nyingi pana matundu mengine mawili: moja la nusu mwezi, la kisu kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa ala, na jingine lenye mawimbi matatu, la kijiti cha kuchania nywele.

Upanga mmoja haulingani na mwingine. Tsuba ya zamani ilihama kutoka upanga hadi upanga, kutoka baba hadi mtoto, na kila ilipohama tundu lilibidi lirekebishwe. Likiwa dogo, lilipanuliwa kwa tupa. Likiwa kubwa, fundi alichomeka vipande vya shaba nyekundu juu na chini yake, au alipiga tindo pembeni ili chuma kisogee ndani na kubana. Sasa likuzeni tundu kwenye skrini. Mnaona vipande viwili vya shaba vilivyochakaa, rangi yake imefifia sawa na chuma kinachovizunguka? Mnaona alama za tindo, tatu upande huu na mbili upande ule, kingo zake zimelainika? Mnaona kivuli cha kile kisahani cha shaba, mstari hafifu unaozunguka yai, pale ambapo chuma kilifunikwa kwa vizazi na kubaki na rangi tofauti? Kama sahihi ilikuwapo, je, tundu lilipopanuliwa lilikata herufi ya kwanza? Haya ndiyo maisha ya kitu. Hayakuwekwa na mtu aliyetaka kumfurahisha mnunuzi.

Kuna tahadhari mbili. Tsuba yenye tundu safi kabisa si lazima iwe bandia, kwa sababu zilikuwapo zilizotengenezwa ziwe zawadi na hazikufungwa kwenye upanga hata mara moja. Hapo sehemu nyingine za bamba ndizo zitakazotoa jibu. Na mghushi naye amesoma vitabu tunavyosoma. Anaweza kupiga alama za tindo jana na kuzipaka rangi leo. Lakini alama mpya huacha kingo kali, na rangi iliyopakwa hujaa chini ya shimo kwa namna moja tu, ilhali kutu ya miaka 200 haiendi kwa mpango. Tofauti hiyo huonekana kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Muandikieni muuzaji, kwa adabu, mumwombe picha ya tundu kwa pande zote mbili, picha ya ukingo, picha ya kuta za ndani za sehemu zilizotobolewa, na uzito kwa gramu. Anayekataa vyote hivyo wiki nzima kabla ya mnada kufungwa ameshawajibu.

Kuta za ndani zina umuhimu wake, kwa sababu ndizo zinazotenganisha chuma kilichofuliwa na chuma cha kusubu. Fundi wa kale alifua bamba, akalichora, akatoboa, akakata, kisha akamaliza kwa tupa. Kuta zake zimesimama wima, pembe zimekaza, na mikwaruzo ya tupa mara nyingine bado inaonekana. Kitu kilichomiminwa kwenye kalibu kina pembe za mviringo, vishimo vidogo kama vya sindano, na pengine mshono mwembamba katikati ya ukuta ambako nusu mbili za kalibu zilikutana. Sumaku itawasaidia kidogo tu: itashika chuma cha kusubu na chuma cha kufua sawasawa, ila itakataa nakala za aloi ya zinki zinazofungwa kwenye panga za mazoezi. Kuna kipimo kingine ambacho mtandao wenyewe umetupa. Tafuteni picha zinazofanana. Muundo mmoja kurudiwa na karakana moja ni jambo la kawaida tangu zamani. Lakini mkikuta tsuba tatu kwa wauzaji watatu, zote zina mkwaruzo ule ule mahali pale pale, mjue zimetoka katika kalibu moja.

Chuma kizuri kina rangi. Wapenzi wa tsuba wanaweza kuzungumza usiku kucha juu ya rangi ya chuma, nami ni mmoja wao. Chuma kilichotunzwa kina weusi mzito unaoelekea kahawia au zambarau, chenye mng'ao wa ndani usio wa mafuta wala wa vanishi. Kwenye ukingo wa baadhi ya tsuba za mkoa wa Owari mnaweza kuona vinundu laini vilivyojitokeza, mahali ambapo chuma kigumu na chuma laini vilifuliwa pamoja na kile laini kikaliwa na miaka. Wajapani huviita mifupa ya chuma, na mkusanyaji hulipia zaidi kwa ajili yake. Picha za simu haziwezi kuonyesha rangi hiyo kwa uaminifu. Hata hivyo zinaonyesha upungufu wake: kijivu kinachong'aa sawasawa kila mahali ni chuma kilichochunwa kwa asidi au brashi, na weusi mkavu kama wa kopo la rangi ni weusi wa kopo la rangi.

Madini laini yana sheria nyingine. Shakudo ni shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, asilimia 3 hadi 5 hivi. Ikichemshwa katika maji ya dawa anayoyajua fundi hutoka nyeusi yenye samawati ndani yake. Shibuichi ni shaba iliyochanganywa na fedha, nayo hutoa kijivu cha aina nyingi, kuanzia cha mvua hadi cha majivu. Rangi hizi si za kupaka. Ni ngozi nyembamba sana ya madini yenyewe, na mtu mmoja mwenye dawa ya kung'arishia shaba anaweza kuiondoa kwa dakika moja. Mkiona shakudo iliyogeuka nyekundu kwenye sehemu zilizoinuka, imechakaa kwa kuvaliwa, na hilo linasameheka. Ikiwa nyekundu mpaka kwenye mabonde, imesuguliwa. Juu ya shakudo bora kuna uwanja wa vidoti vidogo vya duara, vimegongwa kimoja kimoja kwa tindo, safu baada ya safu, hadi bamba zima likaonekana kama mayai ya samaki. Likuzeni mpaka ukingoni. Kwa fundi mkubwa safu zinafika mwisho zikiwa zimenyooka. Kwa fundi wa haraka zinayumba pale zinapokutana na mchoro, kwa sababu hapo ndipo mkono unapochoka.

Na michoro? Wapo wanaosema mchoro ni jambo la mwisho katika kuthamini. Siafiki, ingawa naelewa wanachokikimbia. Miongoni mwa alama za hazina zilizochongwa kwenye mapambo haya imo karafuu, pamoja na funguo, vitabu vya kukunja na nyundo ya bahati. Ilikuwa bidhaa ya mbali, ya dawa na manukato, ikitoka visiwa vya Maluku wakati ambapo Unguja na Pemba hazijapata mkarafuu hata mmoja. Na mafuta ya kupaka panga hutiwa harufu ya karafuu kwa desturi mpaka leo. Kuna pia tsuba ya chuma ambayo matundu yake mawili makubwa yana umbo la jongoo bahari. Muundo huo huhusishwa na Miyamoto Musashi, mpiganaji aliyefariki mwaka 1645 katika jimbo la Higo. Mtu wa pwani anayeingia katika soko hili kwa sababu ameona karafuu au jongoo bahari ameingia kwa mlango halali. Ninachomsihi ni kwamba, akishaingia, aangalie jinsi karafuu ilivyokatwa. Mchoro adimu uliokatwa vibaya hupendwa siku ya mnada, na mwaka wa pili mwenyewe hautazami tena.

Sahihi ndiyo inayopotosha bei kuliko kitu kingine chochote. Mji wa Hikone, kando ya ziwa Biwa, ulikuwa na karakana ya fundi Soten, iliyojaza bamba kwa watu: mashujaa wa visa vya Kichina, farasi, misonobari, nyuso zilizotiwa njumu za dhahabu na fedha. Wateja walizipenda, na karakana za miji mingine zikaiga mtindo pamoja na jina. Matokeo yake ni kwamba tsuba nyingi zenye sahihi ya Soten hazikutoka mkononi mwake. Baadhi ni nzuri sana, na mtu akizinunua kama kazi nzuri ya mtindo wa Hikone amepata mali. Akizinunua kama Soten mwenyewe amelipia herufi. Hali ni hiyo hiyo kwa Nobuie wa karne ya 16, Yasuchika, Somin na kila jina kubwa: kadiri jina lilivyo zito ndivyo lilivyoigwa, na kuiga huko hakukuanza na intaneti. Mwishoni mwa karne ya 19 Yokohama ilikuwa na mafundi waliofanya kazi ya kupendeza macho ya wageni, yenye dhahabu nyingi na mashujaa wengi, kwa ajili ya kusafirishwa. Maelezo ya muuzaji yakiweka jina kubwa kwenye kichwa cha habari na bei ya kuanzia ikawa dola 50, ulizeni kwa nini yeye mwenyewe hakuliamini jina hilo.

Kwa hiyo soko likatafuta vyeti, na tabia hii nayo ni ya zamani. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo aliyeishi kati ya 1440 na 1512, ulitoa wakuu 17 wa karakana mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Tokujo, ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza sarafu kubwa za dhahabu za mtawala Toyotomi Hideyoshi mwaka 1588. Wakuu wa ukoo huo pia walitoa karatasi zilizokunjwa za kuthibitisha kwamba kazi fulani isiyo na sahihi ni ya babu yao fulani, na ndani yake waliandika thamani kwa vipande vya dhahabu. Mikono iliyochonga mapambo ndiyo iliyopima dhahabu, na ndiyo iliyotoa cheti. Uhusiano huu wa tsuba na fedha ulidumu hadi mwisho: Kano Natsuo, fundi mkubwa wa zama za mwisho, aliyezaliwa mwaka 1828, ndiye aliyechonga vielelezo vya sarafu mpya za Meiji wakati soko la panga lilipokuwa linakufa.

Cheti kinachotajwa zaidi leo ni cha jumuiya ya kuhifadhi panga ya Tokyo iliyoundwa mwaka 1948, inayojulikana kwa herufi NBTHK. Ngazi zake, kutoka chini, ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Cheti cha Hozon kinasema kitu ni cha kweli na kinastahili kuhifadhiwa, na kwa kitu kisicho na sahihi kinataja shule au mkoa. Kinaongeza bei, na kwa mnunuzi wa mbali kinaongeza usingizi. Lakini kisomeni. Hakikisheni picha iliyobandikwa ndani ni ya tsuba ile ile, alama kwa alama, na hapa tundu linawasaidia tena. Vyeti vya mfumo wa zamani, kabla ya mwaka 1982, hasa vile vya kijani, vipokeeni kwa uangalifu; wakusanyaji wenye uzoefu hawavihesabu kuwa sawa na vya sasa. Maandishi ya mtaalamu juu ya kisanduku cha mbao ni ushahidi mzuri endapo kisanduku ni cha tsuba hiyo. Kisanduku huhama kirahisi kuliko upanga.

Sasa mnada wenyewe. Ulipo, sheria za kufunga ndizo zitakazoamua namna ya kununua. Kwenye eBay, iliyoanza mwaka 1995, saa ikifika imefika. Unaandika kiwango chako cha juu kwa siri, mfumo unapandisha kidogo kidogo kwa niaba yako, na ukishinda unalipa zaidi kidogo tu ya aliyekufuata. Mwanauchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba katika mnada ambao mshindi hulipa bei ya wa pili, la busara ni kuandika thamani ya kweli unayoiona, bila kuipunguza wala kuikuza. Mnada wa Yahoo wa Japani, ulioanza mwaka 1999, una tabia nyingine: kwa kawaida dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda husogezwa kwa dakika tano, na husogezwa tena na tena mpaka mmoja achoke. Mwaka 2002 Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti uliolinganisha eBay na mnada wa Amazon wa wakati huo, ambao nao uliongeza muda. Waliona madau ya dakika za mwisho ni mengi zaidi kwenye eBay, na ndani ya eBay yalizidi kwenye vitu vya kale kuliko kwenye kompyuta. Sababu moja inaeleweka na kila mtu aliyewahi kukaa sokoni: anayejua hapendi kuonyesha kwamba anajua. Mtaalamu akiweka dau siku ya kwanza amewaambia wengine wote kwamba hapa pana kitu.

Nawashauri muweke dau moja, karibu na mwisho, la kiasi mlichokiamua mchana mkiwa mmetulia, kisha mfunge simu. Kiasi hicho kipunguzwe kwa jambo moja ambalo wataalamu watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walilieleza mwaka 1971. Makampuni yalipogombea vitalu vya mafuta bila kujua kilichomo ardhini, aliyeshinda mara nyingi alikuwa yule aliyekadiria kupita wote, yaani aliyekosea zaidi kwa upande wa matumaini. Hiyo huitwa laana ya mshindi. Tsuba iliyopigwa picha vibaya ni kitalu cha namna hiyo. Watu kumi wanatazama ukungu ule ule, na anayeshinda ni aliyeona ndani yake mambo mazuri kuliko wenzake tisa. Kwa hiyo picha zikiwa mbovu na wagombeaji wakiwa wengi, dau lishuke. Wengi hufanya kinyume, wakidhani umati ni ushahidi.

Halafu kuna hesabu. Tuseme mmeikagua ile tsuba ya nyasi na mwezi, mkaona kwenu inastahili dola 400 ikiwa imeshafika mkononi. Iko kwenye nyumba ya mnada inayomtoza mnunuzi asilimia 25 juu ya bei ya nyundo. Usafirishaji ni dola 45. Ikifika Dar es Salaam inakutana na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na Mombasa ya asilimia 16. Kwa Dar es Salaam, ukirudi nyuma kutoka 400, dau lako la juu ni dola 235, na hapo sijagusa ushuru wa forodha. Anayenunua kutoka mnada wa ndani ya Japani hulazimika kupitia wakala, naye ana ada yake na posta ya ndani. Mtu asiyefanya hesabu hii hukuta amelipa dola 400 za mnada kwa kitu cha dola 400, na kilichobaki ni hasara safi. Kwa kipimo cha jumla, tsuba ya chuma isiyo na sahihi wala cheti, ya kweli lakini ya kawaida, huuzwa kwa makumi ya dola hadi mia chache. Yenye cheti cha Hozon na ubora hupanda hadi mamia na kuelekea elfu. Na kazi za majina makubwa zenye vyeti vya ngazi za juu zinaingia maelfu na makumi ya maelfu. Nafasi ya mtu mwenye jicho na mfuko mdogo ni katika kundi la kwanza, miongoni mwa zisizo na jina, ambako tundu zuri, kuta zilizosimama na chuma chenye rangi havijahesabiwa kwenye bei.

Neno la mwisho ni kwa sisi tunaoishi pwani. Upepo wa Tanga, Mombasa na Unguja una chumvi, na chuma kinaijua. Kutu nyeusi iliyokomaa iacheni. Kutu nyekundu ya unga, inayobaki kidoleni, ndiyo inayokula, na wakusanyaji huiondoa kwa kuikwangua polepole kwa kijiti cha mwanzi au kipande cha mfupa au pembe kilichochongwa, kisha kwa kitambaa cha pamba, siku nyingi, bila maji, bila asidi, bila msasa. Tsuba za shakudo na shibuichi zisiguswe kabisa isipokuwa kwa kitambaa laini. Nyumbani kwetu shaba hung'arishwa kwa ndimu na majivu, na mtu mwema mwenye nia ya kukusaidia anaweza kuifanya kazi hiyo ukiwa safarini, akaiondoa rangi ya miaka 300 kabla ya adhuhuri. Waelezeni watu wa nyumbani mapema. Hifadhini kila tsuba peke yake katika kisanduku kikavu chenye vifuko vya kunyonya unyevu, na vifuko vibadilishwe masika yanapoanza. Ndani ya kisanduku wekeni karatasi yenye tarehe ya kununua, mahali, bei yote mpaka ya forodha, vipimo, uzito, na picha za muuzaji kama zilivyokuwa siku ya mnada, kwa sababu kurasa za mnada hufutwa baada ya muda na picha hizo hazipatikani tena.